Unga wa Fedha

Duka langu la tumbaku liko kona ya pili toka stesheni ya Vercelli,
kati ya kinyozi na benki iliyofungwa.
Nauza sigara, stempu, tiketi za basi,
na nyuma ya kioo, kadi za kukwangua
zinaning'inia misururu kwa misururu,
zina rangi kama nguo za mtoto zilizoanikwa.

Mwalimu Ghisolfi alinifunza hesabu darasa la tano.
Ndiye aliyenionyesha, kwa chungwa na kisu,
kwamba robo na robo ni nusu,
na kwamba sifuri, hata uizidishe kwa milioni, haikui.

Mara ya kwanza alinunua moja, pamoja na gazeti.
Akaichomeka kati ya kurasa, akaenda nayo nyumbani.
"Mchezo wa Jumamosi tu, Ermete."
Mchovya asali hachovyi mara moja:
lakini nani atamwambia hivyo
mtu aliyemfunza kuhesabu?

Dalili sikuziona. Au tuseme niliziona
kama unavyoona mvi zako, moja moja,
na kila moja ina maelezo yake.

Gazeti ndilo lililoachwa kwanza.
Kisha hakungoja tena kufika nyumbani.
Alisimama pale penye stempu, koti halijafunguliwa,
akakwangua kwa pete yake ya ndoa.
Alipopata yuro ishirini hakunyoosha mkono azipokee.
"Nipe zingine," alisema,
kama mtu anayebadilishiwa sahani chafu kwa safi.

Siku ya kushinda alinuna.
Siku ya kupoteza alicheka, akauliza habari za Loredana,
za magoti ya mama, za paka.
Kicheko kile nilipaswa kukijua.

Novemba, ukungu ukitoka mashamba ya mpunga
na kuegemea madirisha yetu,
baiskeli yake ikaanza kujificha nyuma, penye mapipa.
Kinyozi akaniambia amemwona kwa Quaglia pia, ng'ambo ya reli,
na katika baa iliyo mkabala na kanisa.
Alikuwa ametugawa sawasawa, sisi watatu,
theluthi, theluthi, theluthi,
asiwepo hata mmoja wetu anayeijua jumla.

Januari alikwangua kwa kifungo.
Nilitazama kidole: mstari mweupe, kama njia
iliyoachwa na konokono.
"Iko kwa sonara, inapunguzwa. Nimekonda."
Kukonda, alikuwa amekonda kweli.

Mwambie, alisema Loredana.
Nikasema: ni mtu mzima.
Nikasema: nisipomuuzia mimi, Quaglia atamuuzia.
Nilisema mengi, na droo ya pesa ilikuwa wazi, ikisikiliza.

Jana aliomba mbili kwa mkopo, hadi pensheni iingie.
Mkono mmoja aliuficha nyuma ya mkoba,
lakini niliuona ukucha wa kidole gumba, umejaa unga wa fedha.
Zamani mikono ile ilijaa chaki.

"Robo na robo, mwalimu?"
Sijui kwa nini nilimwuliza.
"Nusu," alijibu papo hapo, kwa sauti ya darasani;
kisha akanitazama muda mrefu.
"Hesabu naijua, Ermete.
Ugonjwa wangu si wa kutojua hesabu."

Hakukasirika. Alichukua baiskeli, akaikokota;
gurudumu la nyuma halikuwa na upepo.

Usiku nilifunga mlango, nikafagia chini ya kaunta.
Unga ule haufagiliki vizuri, hung'ang'ania ufagio.
Nikaketi na pipa kati ya magoti,
nikaanza kuzitoa kadi zake, za wiki nzima, moja moja, chini ya taa,
nikitafuta ile ambayo huenda alikosea kuisoma,
ile ambayo ningempelekea asubuhi, nigonge mlango, niseme:
tazama, mwalimu, hii ilikuwa yako.

Penye pembe ambazo hakukwangua vizuri
nilimalizia mimi, kwa ukucha.

Loredana aliniita kutoka juu. Akaniita tena.
"Nakuja," nilimjibu.
"Bado moja."